Amina ya Nane

Dobi wa chuo alikuwa amekaa mjane miaka kumi na miwili, na miaka yote hiyo alifua jezi za wanariadha bila kuulizwa jambo ila moja: "Mama Dobi, zimekauka?" Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini macho yake hayakulala. Nguo humwambia dobi siri nyingi. Tangu kifo cha Kiberiti, aliona pindo za fulana zinarudi zimejaa makamasi, za wasichana na za wavulana pia.

Kiberiti alikuwa msichana mfupi, mwepesi wa kuwaka, aliyekimbia zamu ya tatu katika mbio za kupokezana vijiti. Muhula uliopita, mazoezini, alimkabidhi kijiti mkimbiaji wa mwisho, akapiga hatua mbili, akaanguka. Moyo, daktari alisema. Kocha akafuta jina lake ubaoni, na Jumatatu mazoezi yakaendelea.

Mama Dobi akaona hapana, haiwezekani. Akamwendea Kocha kuomba nusu saa ya ibada, kila Ijumaa asubuhi kabla ya mazoezi, katika chumba chake cha kufulia.

"Mimi nataka medali, Mama, si mapambio," Kocha alisema. Kisha akakuna kidevu. "Ila ukiwaombea washinde, chukua hata saa nzima."

"Nitawaombea wapone. Kushinda ni kazi yako."

Ijumaa ya kwanza walikuja sita, yeye akawa wa saba. Mtupa tufe, pande la mtu lililoogopa mende, aliingia na tufe lake kwapani.

"Mama, lipake mafuta ya upako kidogo tu."

"Kwani tufe lina dhambi gani? Liweke chini, ukae."

Wakaangua kicheko. Hata Ngongoti alitabasamu, yule msichana mrefu wa zamu ya mwisho. Lakini aliketi pembeni, mgongo umegandamana na ukuta, kama mtu asiyetaka chochote kipite nyuma yake.

Mama Dobi aliishia shule ya msingi. Somo lake alikuwa ameliandaa wiki nzima, akisoma kwa kidole. Alidhani amepata neno la kuwafaa wakimbiaji: sahau yaliyo nyuma, kaza mwendo, usigeuke. Alipofika hapo, Ngongoti aliinama kama aliyepigwa teke la tumbo. Mama Dobi alimwona, ila hakumwelewa.

Wakasimama, wakashikana mikono, wakafumba macho. Akaomba.

"Amina."

Naye, kwa mazoea ya kuhesabu soksi, akazihesabu zile amina, yake na zao. Nane. Ya nane ilichelewa kidogo, ikatoka kwa kuhema, kama ya mtu aliyekimbia ili awahi. Akafumbua macho. Watu saba. Mashine zote zimezimwa.

Ijumaa ya pili ikawa vilevile. Ya tatu, mtupa tufe alinong'ona, "Mama, nani anahema hivyo?" na hakuna aliyecheka.

Siku hiyo wenzake walipotoka, Ngongoti alibaki. Aliweka viatu vyake vya kukimbilia juu ya meza ya pasi.

"Mpe mwingine, Mama. Kesho namwambia Kocha naacha."

"Ukiacha mbio, nani atakulipia ada? Si unaacha na chuo?"

"Ndiyo."

"Kisa nini, mwanangu?"

Msichana akautazama mlango kwanza. "Siku ile nilimsikia akianguka. Nilimsikia, Mama, nikaendelea mpaka mstarini. Mkimbiaji wa mwisho hageuki. Unanyoosha mkono nyuma, unapokea, unakwenda. Kocha akatazama saa akasema, muda mzuri. Sasa kila nikikimbia, miguu yake iko nyuma yangu. Na hapa namsikia akihema. Halafu na wewe ukatuambia tusigeuke."

Mama Dobi akashika ukingo wa meza. Kumbe wiki nzima ile alikuwa akisaga chumvi ya kutia kwenye kidonda, akidhani anasaga dawa. Alifundishwa kwamba wafu hawarudi, na aliamini hivyo hata zile siku alipoikunja shuka ya marehemu mumewe akitamani iwe si kweli. Lakini kuhesabu mpaka nane pia alikujua.

"Chukua viatu vyako," alisema. "Kesho asubuhi, kabla hujamwona Kocha, tukutane uwanjani, kona ya mwisho. Waite na wenzako."

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya uwanja, mzito kama mvuke wa pasi. Wakasimama wote saba penye alama ya kupokezana.

"Nyoosha mkono kama siku ile," Mama Dobi alisema.

Ngongoti akawapa mgongo, kiganja wazi kwa nyuma. Kimya. Kisha huko konani zikaanza hatua. Nyepesi, za haraka, za mtu mfupi. Mtupa tufe akadaka aproni ya Mama Dobi asiiachie. Hatua zikakaribia, zikaanza kuyumba.

"Sasa geuka."

"Nitapoteza muda," Ngongoti alisema, kwa sauti ya mtoto.

"Hakuna wa kukupimia muda hapa. Geuka, mama."

Akageuka. Alichokiona hakukisema siku ile wala baadaye, na Mama Dobi hakumwuliza. Wengine waliona ukungu tu. Ngongoti alipiga magoti, akanyoosha mikono yote miwili kama anayemdaka mtu, na mikono ile ikashuka kwa uzito.

"Nilikusikia," alisema. "Nilikusikia nikakuacha. Nisamehe."

Akakaa hivyo kitambo, mpaka mikono ilipoanza kuinuka yenyewe, polepole.

Sala yote aliyoiandaa Mama Dobi ilikuwa imemtoka. "Baba, mpokee," akasema. "Amina."

Akahesabu. Saba.

Kocha akatokea kwenye ukungu. "Nani alikuwa anakimbia? Nimemsikia tangu getini. Hatua safi zile!"

Ngongoti alikuwa ameketi chini, anafunga kamba za viatu. "Kiberiti," alijibu.

Jina hilo lilikuwa halijatamkwa uwanjani pale tangu muhula uliopita. Kocha akashusha mkono. Ndipo Mama Dobi alipoona saa mkononi mwake: aliiwasha kwa mazoea alipozisikia hatua, na bado ilikuwa ikienda. Kocha akaitazama muda mrefu, kisha akaizima bila kusoma namba.

Ijumaa iliyofuata amina zilikuwa nane tena. Ya nane ilichelewa kidogo, ikatoka karibu na mlango, nzito, ya mwanamume asiyezoea. Mama Dobi hakufumbua macho.