Nyumba Inayobana Makwapani

Mwenye nyumba alipopandisha kodi, fundi cherehani hakulia. Alicheka, maana hata kilio kingepandishwa bei. Wiki haikuisha akapata nyumba pembezoni mwa mji, vyumba viwili kwa nusu ya kodi. Akaipima kwa utepe wake wa shingoni. Meza ya kukatia ingeenea, na nafasi ya kuizunguka ingebaki. Miaka tisa alikuwa akikatia vitambaa kitandani!

"Dalali anataka jibu Jumamosi," akamwambia mkewe.

Mkewe, mfanya usafi wa zahanati ya jirani, alikuwa akimenya vitunguu. "Baba Pacha, suti ya mteja unaijaribisha mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na nyumba?"

Fundi akarudisha utepe wake shingoni.

Basi wakaijaribisha. Siku tatu mfululizo fundi alidamka, akapanda magari mawili hadi kule, akagusa kitasa, akageuka kwenda kazini kwake mjini kama aliyelala humo. Kwenda na kurudi, masaa manne. Jirani wa kule akashindwa kuvumilia: "Kaka, umesahau nini hapo kila siku?"

"Akili," akajibu fundi, mbio kituoni.

Siku ya kwanza foleni ilimla. Akakuta mteja keshahamia kwa fundi mwingine. Ya pili alisinzia juu ya cherehani, akashona mkono wa shati ukazibika kama mfuko. Ya tatu mkewe akachukua ile kodi nafuu, akajumlisha nauli zao wawili za mwezi mzima. Jumla ikaipita kodi mpya ya hapa walipo, kwa bei ya mfuko wa unga.

"Na usingizi wako sijautia," akasema.

Fundi hakutania. Aliiwaza ile meza, jinsi ambavyo angeizunguka mkasi mkononi, bila kupiga goti.

Jumamosi dalali alimaka. "Fundi! Nyumba pana vile unaikataa?"

"Kiunoni pana, bwana. Makwapani inabana."

Jioni akatandaza kitambaa cha suti kitandani. Pacha wao, waliokaa hapo kitandani, wakainua miguu bila kuambiwa, walivyozoea tangu kuzaliwa. Akashika chaki, kisha akaiweka chini.

"Haya, nani aanze kunisimulia ya shule? Baba yenu ana masaa manne mfukoni."