Alipovua Kofia Thelbert

Verlie aliichana karatasi ya tano. Maharage mekundu ya kila Jumatatu yalikuwa yakichemka na harufu yake imejaa nyumba, lakini hakuwa na hamu ya kula. Jumatano jioni, kanisani, angesoma hadithi ya marehemu mumewe. Thelbert alipiga tromboni, tarumbeta lenye bomba la kuteleza, miaka thelathini katika bendi iliyoandamana mitaa ya Tremé, na hakuna hata siku moja aliyorekodiwa. Wajukuu hawakuwahi kumsikia. Kama Verlie angeshindwa kumrudisha kwa maneno, basi Thelbert angekuwa amenyamaza kabisa.

"Ee Bwana," aliomba, "wewe ndiwe uliyempa pumzi. Mimi nipe sentensi moja tu."

Iliyokuja ilifanana na zile za vitabu vya darasa lake la jioni la uandishi: tromboni ililia kama roho iliyojeruhiwa.

Alcide, mpiga ngoma kubwa wa bendi ileile, alikuwa amekuja kula. Akaisoma, akakuna kidevu.

"Shemeji, hii tromboni inalia nini? Ina njaa?"

"Ndivyo wanavyoandika."

"Akina nani? Waliosikia redioni?" Akasogeza kidole chini. "Na hapa umemweka nyuma ya ngoma yangu. Tromboni nyuma! Lile bomba lake linavyoteleza mbele lingeng'oa meno ya nani? Haya yangu mawili yaliyobaki?"

Verlie aliona haya, kisha akapandwa na hasira. Mke wa mpiga tromboni kukosea jambo ambalo hata watoto wa Tremé wanalijua!

"Najua tromboni zinatangulia! Lakini mimi sikuwahi kumwona akiwa mbele, Alcide. Nilikuwa nyuma yenu na umati unaofuata bendi, nacheza huku nimeinua mwavuli wangu. Miaka thelathini nimesikia mgongo wake! Nitaandika nini?"

"Sasa ulijuaje kuwa ni yeye?"

Verlie alichukua kalamu. Alijuaje?

Kila bendi ilipofika kwenye kona, mbele ya nyumba ya mama yake mzazi, Thelbert alikuwa akiacha kupiga ili amvulie mama kofia. Noti tatu zilikosekana. Huko nyuma Verlie alizisikia zikikosekana, akaziimba yeye. Mwisho umati mzima ukajifunza kuziimba.

Aliandika hivyo hivyo, bila roho wala jeraha. Ilitoka mistari sita. Alipoisoma kwa sauti, Alcide aligonga meza kwa vidole, taratibu, kama yuko barabarani. Verlie alipofika kwenye kofia, akatua kidogo avute pumzi.

"Ta-ra-raa," Alcide akaimba, macho yake yakiwa kwenye sufuria.

Wala hakujua kwamba ameimba.

Verlie alizitazama kurasa nyingine alizoandika wiki nzima, akazikunjakunja zote mkononi.

"Mistari sita! Mwaka mzima wa darasa la jioni, Alcide, mistari sita!"

"Pakua, shemeji. Mwenye njaa ni mimi, si tromboni."