Bwana Mandhari

Ukungu ulishuka saa nane na robo, na bwana harusi wangu akaanza kuugombeza.

“Ondoka basi! Ondoka, bwana!” akauambia, mikono kiunoni, kama mtu anayefukuza kuku kwenye mahindi aliyoanika. Mimi nilisimama nyuma yake juu ya mwamba, nimevaa gauni jeupe na viatu vya mpira, meno yanagongana. Mama msajili wa ndoa alikuwa amekalia jiwe, daftari lake ndani ya mfuko wa plastiki. Mpiga picha na dereva wa gari la kukodi, ambao ndio walikuwa mashahidi wetu, walipokezana sigara moja chini ya mwavuli. Hao ndio wageni wote wa harusi yangu, na miaka kumi na tisa baadaye bado nawaheshimu watatu hao kuliko yeye.

Kazi yake ilikuwa kuuza rangi za nyumba na, haki yake nimpe, aliijua. Angeweza kukueleza kwa nusu saa tofauti ya nyeupe ya maziwa na nyeupe ya ganda la yai, nawe ukatoka umenunua zote mbili. Shida ni kwamba kila kitu kwake kilikuwa ukuta unaosubiri kupakwa, hata mimi. Siku nilipomwita Bwana Mandhari alifurahi, akadhani namsifu.

Wazo la mlimani lilimjia Jumanne. Ndugu zake walikuwa wamegombania ukumbi mpaka shangazi zake wawili hawaamkiani. Akaja kazini kwangu, kwenye chumba cha kufulia mashuka ya hospitali, akapaza sauti kushinda mashine: “Jumamosi tunapanda mlimani. Mimi na wewe. Hakuna kamati, hakuna ukumbi, hakuna kelele!” Nikampenda siku ile, siwezi kukana. Nilikuwa nimeshinda miaka sita ndani ya mvuke. Ukiniambia mlima, ukiniambia wawili tu, moyo unaruka.

Kumbe kelele anakuja nazo mwenyewe. Jumatano alileta orodha ya kurasa tano: saa ya jua kugusa kilele, upande wa kusimama, mahali pa kutazama wakati wa kusema nimekubali. Alhamisi alinishikia shavuni kadi ya rangi za dukani kwake, ile yenye vipande vidogo vidogo, akaamua kwamba gauni langu ni jeupe mno, litaumiza macho kwenye picha. Gauni nililolifua mimi, kwa mikono hii! Nikajikaza kisabuni, nikalipeleka kazini, nikalichovya kwenye chai ya rangi ili weupe wake upoe.

Ijumaa nikamuuliza kuhusu baba yangu.

“Yule mzee na goti lake?” akasema huku akiendelea kuandika. “Atatuchelewesha. Halafu ukimwambia mmoja umewaambia wote. Ataona picha.”

Baba alinilea peke yake tangu nina miaka minne. Alijifunza kusuka nywele kwa ajili yangu, tena alisuka vibaya, mistari imepinda kama njia ya mbuzi, na nilikwenda nazo shule hivyo hivyo. Nami nikakubali aachwe. Yule mwanamume alisema upuuzi kwa sababu alikuwa mpuuzi; mimi nilikubali nikiwa na akili zangu timamu. Jumamosi alfajiri nilipita mbele ya mlango wa Baba nikinyata, viatu mkononi.

Basi ndivyo tulivyofika pale mwambani. Kibali chetu cha kufungia ndoa mlimani kilikuwa cha siku ile tu, mwisho saa kumi kamili. Mama msajili alikuwa ametuambia hivyo mara mbili kabla ya kupanda. Saa tisa na nusu akasema tena.

“Mwanangu,” akaniita mimi, si yeye, “ndoa inataka watu wawili, mashahidi wawili na kalamu. Vyote vipo. Tufunge?”

“Tufunge,” nikasema.

“Dakika tano,” akasema Bwana Mandhari. “Utafunguka. Bila kilele nyuma, si itakuwa kama tumefungia uani tu?”

“Hata uani ningekubali.”

Akanitazama kana kwamba mimi ni mteja aliyeulizia misumari kwenye duka la rangi.

Ilipobaki kama dakika kumi nilimshika mkono, nikamwambia mbele ya watu, bila aibu: “Nioe sasa hivi. Nakuomba.” Hakugeuka. Alikuwa ametoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango, anatafuta kilele chake. Akanipigapiga kiganja, vile unavyomtuliza mtoto anayekusumbua ukiwa na mgeni.

“Subiri kidogo, mpenzi. Naona kama panaanza kuwa peupe.”

Mama msajili akatazama saa, akarudisha kalamu mfukoni, akaanza kushuka. Nikamfuata. Nyuma yetu nilimsikia akimwambia mpiga picha kwamba hata kesho ni siku. Na kweli, nilikuja kuambiwa, kesho yake alipanda tena akapigwa picha sitini, yeye na kilele. Nasikia walipendeza, wote wawili wamesimama tu.

Mama msajili alinishusha nyumbani kwa gari lake jua likizama. Njia nzima nilikuwa natunga uongo wa kumwambia Baba: niliitwa kazini, nilianguka matopeni. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi sebuleni, kiti amekigeuza kutazama mlango, amevaa suti, tai imefungwa, nywele amezichana kwa maji.

“Gauni halipo kabatini tangu juzi,” akasema, “na leo alfajiri nikakusikia unanyata. Nikajua ndiyo leo. Saa ngapi ndiyo sikujua, kwa hiyo nikavaa mapema.”

Nilitaka sakafu inimeze. Akachungulia nyuma yangu, akaona hakuna mtu.

“Ilikuwa nzuri?” akauliza.

“Sikuolewa, Baba.”

Akalegeza tai.

“Basi njoo univue viatu, mama. Vinanibana tangu asubuhi.”

Nikapiga magoti mbele yake, nikafungua kamba. Miguu ilikuwa imevimba mpaka soksi zimeacha alama.