Mlango wa Sukari

Mzee Luqmani aliugua sukari wakati biashara ndiyo kwanza imefunguka. Vizuizi vya kukagua mahindi vilikuwa vimeondolewa barabarani, na lori lake lilikuwa likishuka Dar es Salaam na viazi vya Njombe, likirudi Makambako na mabati na vitenge. Alikuwa mtu wa Kondoa, aliyehamia Makambako akiwa kijana, na hakujua kulala mchana. Kisha kiu ikamshika, akakonda, na siku moja akaanguka gereji. Wakampeleka hospitali ya Ilembula.

Binti yake, Anifa, alikuwa akisoma shahada ya pili ya baiolojia Dar. Alipopata habari alipanda basi akiwa na mfuko wa nguo na bahasha ya kazi yake. Mwalimu wake, Dokta Priska, ndiye aliyemsisitizia aibebe.

"Nenda kamuuguze baba," alimwambia. "Sehemu hii haihitaji maabara. Inahitaji macho."

Kazi yenyewe ilianzia kwenye ulanzi, pombe ya mianzi. Anifa alikuwa amechukua kidogo Njombe mjini, mtaa wa Ramadhani, akatenga humo bakteria mmoja aliyekuwa akila sukari ya utomvu wa mianzi kwa pupa. Jeni moja ya bakteria huyo ilipelekwa Uswidi kusomwa, ikarudi ikiwa safu ndefu ya herufi, kila herufi ikiwakilisha kipande kimoja cha protini. Protini hiyo inafanya kazi gani, hakuna aliyejua. Dokta Priska alimpa safu nyingine za kulinganisha nayo. Mbili zilikuwa za protini zinazoingiza sukari ndani ya bakteria wengine. Mbili zilikuwa za kazi tofauti kabisa. Moja haikuwa na maelezo yoyote.

Baba alipokuwa amelala, Anifa alikaa kwenye benchi la varanda ya wodi, akakata karatasi zenye zile safu vipande vyembamba, akaviunganisha kwa gundi, akaanza kuvitelezesha kimoja chini ya kingine. Nesi Fidelia, Mbena wa kijiji cha Yakobi, akasimama na sinia lake la dawa.

"Kamwene, dada. Unashona?"

"Kamwene. Natafuta ndugu wa protini ya ulanzi."

Fidelia akacheka. "Mtoto wa Kiislamu na ulanzi wapi na wapi?"

"Siunywi, nesi. Nausoma. Protini zenye asili moja hufanana herufi, kama watoto wa tumbo moja wanavyofanana pua hata wakilelewa mbalimbali."

Zile mbili za kazi tofauti hazikufanana na chochote. Herufi zilikutana hapa moja, pale moja, kwa bahati tu. Akachukua ya sukari. Akaisogeza mbele, akairudisha, akaacha nafasi mahali ambapo ilionekana kama herufi zimepotea. Ghafla G, R, R zikakaa juu ya G, R, R. Akafuata kwa penseli. Mbele zaidi zikaja P, E, S, P, R, na chini yake zilezile, kwa mpangilio uleule. Kila alipozidi kwenda ndivyo zilivyozidi kupatana. Bakteria wa ulanzi alikuwa na mlango wa sukari, na Anifa ndiye mtu wa kwanza kuuona.

Akachukua ile safu isiyo na maelezo. G, R, R. Na mbele, P, E, S, P, R.

Jumamosi alikwenda Makambako kumchukulia baba nguo, akapitia posta kupiga simu. Laini ilikwaruza, kisha sauti ya mwalimu ikaja.

"Dokta, nimempata ndugu. Protini yetu inaingiza sukari. Lakini ile safu isiyo na maelezo ni ya bakteria gani? Nayo ni ndugu."

"Una hakika?"

"Nimeirudia mpaka macho yanauma."

"Hiyo si ya bakteria, Anifa. Ni ya binadamu. Ndiyo inayopitisha sukari kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Wenzetu waliligundua hilo miaka michache iliyopita. Nilitaka ulione mwenyewe kabla ya kuambiwa."

Anifa akaibana simu sikioni. Nyuma yake watu walikuwa wakinung'unikia foleni.

"Upo?" Dokta Priska akauliza. "Sasa kumbuka, kufanana ni dalili, si hukumu. Ukirudi tutampima bakteria wako maabara."

Alipofika Ilembula alimkuta baba ameketi kitandani. Akamsimulia yote huku akimwonyesha karatasi. Mzee akazifuata herufi kwa kidole.

"Yaani yule mdudu na mimi tumetoka mbali pamoja?"

"Mbali sana, baba. Kabla ya mti, kabla ya samaki. Na mlango haukutupwa."

"Subhanallah." Akagusa mkono wake mwenyewe. "Basi wangu ndio umeharibika?"

"Hapana. Milango ipo ya aina nyingi. Ile ya misuli hukaa ndani ya seli, ikingoja insulini iiite ije ukutani. Insulini yako ndiyo imepungua."

Fidelia, aliyekuwa akiandaa sindano ya insulini, alikuwa amesimama akisikiliza. "Mimi nachoma hizi kila siku," akasema polepole, "na sijawahi kuwaza kuna kinachotembea humo."

Dar, maabara ilithibitisha: bakteria aliyeondolewa jeni ile alikaa katikati ya sukari bila kuigusa, na aliporudishiwa, akala. Mzee Luqmani alirudi kwenye lori lake, akajifunza kujichoma mwenyewe. Anifa alipokuja likizo alimkuta uani asubuhi, ameshamaliza kujichoma, shati bado limefunuliwa. Alimsalimia, lakini mzee akainua kidole kumtaka anyamaze, akaweka kiganja juu ya paja, kana kwamba anaisikiliza milango ya misuli ikija ukutani.