Meza ya Dirishani kwa Watu Wawili

Mama Pacha alikuwa anakunja vitambaa vya meza mchana wa Jumapili, kila kimoja kikae kama ua lililofumbuka nusu, marehemu mumewe alipopanda ngazi na kusimama mlangoni kusubiri apewe meza.

Mgahawa ule ulikuwa ghorofa ya pili ya jengo lililokuwa benki zamani, katikati ya jiji. Hakuna aliyepanda huko kwa sababu ya njaa tu. Walikuja waliochumbiana, waliohitimu, waliostaafu, na waume waliosahau siku za kuzaliwa za wake zao wakahitaji msamaha wa haraka. Mume wa Mama Pacha alikuwa mpishi mkuu hapo mpaka jiko lilipoungua. Sasa alikuwa amevaa suti aliyozikwa nayo, na viatu amevipiga rangi.

Meneja alimwuliza kama ameweka nafasi. Akajibu kwamba aliweka kabla hajafa, meza ya watu wawili, karibu na dirisha. Meneja akakumbuka kuwa ni kweli, akamvutia kiti.

Ahadi hiyo Mama Pacha aliijua. Siku ndoa yetu itakapotimiza miaka kumi, mumewe alikuwa akisema, tutaingia pale kwa mlango wa wageni, tukae, tuletewe. Siku yenyewe ndiyo ilikuwa leo.

Joto la moto lilikuwa bado halijamtoka mwilini. Siagi iliyeyuka kabla hajaigusa, na maua ya mezani yakainamisha vichwa. Meza ya jirani walikuwa wanamsherehekea binti yao aliyepata shahada. Baba wa binti alimwomba meneja, kwa upole, asogeze feni kidogo.

Mama Pacha alimpelekea maji bila kumtazama usoni. Alikuwa na fundo moyoni. Tangu msiba aliambiwa kwamba mumewe alisahau kufunga gesi, moto ukamkuta palepale mbele ya jiko. Aliyesema zaidi ni tajiri, mwenye mgahawa, naye alilia makaburini kuliko ndugu. Mama Pacha hakuona sababu ya kubisha. Mumewe alikuwa msahaulifu kweli. Aliwahi kurudi kutoka kliniki na pacha mmoja. Basi hata watoto aliwaambia hivyo: baba yenu alikuwa mtu mwema, ila hakuwa makini.

"Umekuja kula au umekuja kusema?" alimwuliza.

"Vyote viwili. Kaa, mama watoto."

"Wafanyakazi hatukai ukumbini. Wewe mwenyewe unajua."

"Basi simama, ila nisikilize."

Akafunua kiganja cha mkono wa kulia. Katikati ya ngozi palikuwa na alama ya kufuli, imezama kama muhuri, na tundu la ufunguo likionekana wazi. Mama Pacha alilitambua mara moja. Ndilo lililoning'inia kwenye mlango wa nyuma wa jikoni. Tajiri alilifunga hapo nyama ilipoanza kupungua kwenye friji, na ufunguo akawa anatembea nao mfukoni.

"Gesi niliifunga," mumewe alisema. "Mpira wake ndio uliopasuka. Na mlangoni nilifika."

Mama Pacha aliweka jagi mezani. Maji yakaanza kuchemka taratibu, akalisogeza mbali na mkono wa mumewe.

"Watoto nimewaambia ulisahau."

"Najua. Usijilaumu. Hata mimi ningeliamini."

Hapo akafungua aproni, akaitundika nyuma ya kiti, akakaa. Mwenzake wa zamu akawaletea supu, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe Mama Pacha alikula chakula ambacho hakukipika wala hakukibeba. Mumewe alisema chumvi imezidi. Alikuwa hivyohivyo hata alipokuwa hai.

Tajiri alitokea wakiwa kwenye nyama, akipita meza hadi meza kuwasalimu wageni kama desturi yake. Mama Pacha hakuinuka. Alishika mkono wa mumewe, ukamuunguza, hakuuachia, akaufunua mbele ya tajiri.

"Tajiri, hili ni kufuli la nani?"

Tajiri alivaa miwani. Alikikagua kiganja kwa makini, kama anavyokagua nyama inayoletwa na mchinjaji.

"Ni letu," alisema. "Pole sana, Mama Pacha."

Mama Pacha akamwomba mlango wa jikoni ufunguliwe. Tajiri akaeleza, kwa sauti ya mtu anayeumia kweli, kwamba nyama bado inapotea. Kisha akauliza wanasherehekea nini, na alipoambiwa akaagiza keki yenye mshumaa, bure. Mshumaa uliwaka wenyewe ulipofika karibu na mumewe. Wageni wakapiga makofi, binti mwenye shahada akawapiga picha, na kombe likafunikwa.

Jioni hiyo Mama Pacha aliwakalisha mapacha kitandani, akawaambia kwamba baba yao aliifunga gesi. Aliirudia mpaka wakaisema wao wenyewe. Kisha akapaka mafuta mkono wake ulioungua, akalala usingizi mzito.

Mumewe aliendelea kuja kila Jumapili. Wateja waligundua kwamba karibu naye chakula hakipoi, wakaanza kugombania meza za jirani, hasa wenye sherehe za ndoa. Aproni ya Mama Pacha haikumzuia tena kukaa. Meneja alisema wageni wanapenda kuwaona pamoja. Kufuli la mlango wa nyuma lilianza kushika kutu, likapakwa grisi.

Jumapili moja mpishi mpya alitoka jikoni, akafuta mikono, akasimama mbele ya meza yao kwa heshima.

"Shikamoo, kaka. Samahani kwa kuwakatiza. Nilitaka kuuliza tu, inauma sana?"

Mume wa Mama Pacha alifikiri kidogo.

"Marahaba. Haichukui muda mrefu."

Mpishi akashukuru, akaharakisha kurudi jikoni, kwa sababu wageni wa harusi walikuwa wameshaketi.