Nusu Kichwa cha Diwani

Diwani alipoingia kunyolewa kabla ya mkutano wa hadhara, kinyozi alimfunga kitambaa shingoni kwa upole, kama mtu asiye na kinyongo. Kumbe moyoni anatokota. Diwani huyu ndiye aliyefunga wodi ya wazazi ya mtaa ili jengo lipangishwe maduka, na binti wa kinyozi akajifungulia njiani akikimbizwa hospitali ya mbali. Mtoto hakulia.

Mashine ilinyoa upande wa kushoto mpaka utosini, kisha ikazimwa.

"Vipi fundi, umeme umekatika?"

"Umeme upo, mheshimiwa. Upande uliobaki kamalizie kule unakowapeleka binti zetu wakazae."

"Una wazimu, mzee? Watu wananisubiri!"

"Hata binti yangu alisubiri."

Vinyozi wote wa mtaa walikuwa wameshakula njama, hakuna aliyekubali kumgusa. Diwani akaenda mkutanoni na kofia. Akina mama waliokuja na mabango kudai wodi yao wakamzonga, mmoja akaikwapua kofia. Uwanja mzima ukaangua kicheko, na picha zikaruka simu hadi simu.

Fedheha ilifanya kile yalichoshindwa maandamano: wodi ikafunguliwa. Majirani wakamsihi kinyozi, "Basi baba, yaishe." Hakutaka hata kusikia. Uchaguzi ulipofika alifunga duka, akazunguka nyumba kwa nyumba kumpigia debe mpinzani wa diwani, ingawa alijua fika kwamba mpinzani huyo ni bwege wa kutupwa.