Amani Iliyogoma Kuachia

Jumamosi moja asubuhi jumuiya ndogo ya Kikatoliki ilisali kwa Klementina, mjane wa kijiji cha Kate, kwenye viti vya kuazima. Walipofika pa kupeana amani, Cleophas, mwenyekiti wa jumuiya, alimpa mwenye nyumba mkono wa kulia, na mikono haikuachana tena. Walijaribu sabuni ya kipande, wakajaribu mafuta ya taa. Katibu aliuliza kama aendelee na matangazo, akaambiwa aendelee.

Ilibidi Klementina ahamie kwa Cleophas. Shida ilikuwa kutembea. Walikuwa wametazamana, hivyo mmoja alipaswa kwenda kinyumenyume, na kwa kuwa Cleophas ni kiongozi, kinyumenyume alikwenda Klementina. Rozina, mke wa Cleophas, alikata mwanya kwenye ukuta wa chumba, kuanzia mlangoni, mikono ipite na kila mmoja alale upande wake.

Padri alikuja kwa pikipiki, akauliza kama kuna neno kati yao. Klementina akasema lipo. Tangu amzike mumewe, kila msimu Cleophas, anayepakana naye, huongeza tuta moja ndani ya shamba lake yeye mjane la ulezi. Sasa yamefika kumi na moja, mkonge wa mpaka umeng'olewa, na ulezi anaobaki nao haumfikishi Krismasi.

"Mimi nimeshamsamehe," Cleophas akasema.

Padri akawabariki, akawahi ubatizo kigango cha pili.

Mvua zilipoanza, jumuiya ilikwenda kuwasaidia kulima. Walipofika penye shimo la ule mkonge, kidole kidogo cha Cleophas kiliachia. Alipopiga hatua kurudi upande wake wa zamani, kikaachia cha pete. Watu wote waliona. Cleophas akavirudisha vidole vyake kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, akavuka tena kuingia shamba la Klementina. Inauma kusema, lakini watu waliinamia majembe yao. Mwenyekiti ni mwenyekiti.

"Mwenyekiti," Klementina akasema, "mkono nimekupa. Niachie shamba."

Cleophas akamjibu kwa upole kwamba amani ni bora kuliko matuta. Siku hiyo walilima tuta la kumi na mbili, jembe moja, mikono miwili ya kushoto. Klementina alilima vizuri, maana kulima vibaya hajui.

Siku hizi Jumapili, wengine wakigeukiana kupeana amani, hao wawili husimama tu. Wageni wa vigango vingine huletwa kuwatazama, waige upendo.

Mezani ukiletwa ugali wa ulezi, Cleophas humshukuru Mungu kwa mavuno ya shamba lake. Klementina anaijua ladha ya ulezi ule. Hula kwa mkono wa kushoto, na Amina haitikii. Rozina naye ameacha kuitikia. Cleophas hujiitikia mwenyewe, akamega tonge.